Protini ya Gunia na Protini ya Samaki

Mfugaji wa samaki wa Githongo, katika Kaunti ya Meru, anapoingia agroveti kununua chakula, namba ya kwanza anayoitafuta kwenye gunia ni ya protini. Gunia lenye asilimia 32 hulipiwa zaidi kuliko lenye 26, na anayechanganya chakula mwenyewe nyumbani kwa pumba, mashudu na omena hupiga hesabu ile ile: omena ina protini nyingi, pumba zina kidogo, basi omena iongezwe. Hesabu hiyo inapendeza machoni, lakini inajibu swali ambalo tumbo la samaki haliulizi. Namba ya gunia inataja kilichotiwa ndani ya chakula. Haitaji ni kiasi gani cha chakula hicho kitavuka ukuta wa utumbo na kuwa nyama, wala ni kiasi gani kitatoka kuwa tope la bwawa. Baina ya namba hizo mbili kuna pengo, na humo ndimo faida ya mfugaji inamopotelea. Hoja yangu ni kwamba Kenya imezoea kununua, kuuza na kukagua chakula cha viumbe wa majini kwa kipimo cha kwanza na kukiacha cha pili, na kwamba wanaoumia zaidi ni wafugaji wadogo wa miinuko kama Githongo, ambao malighafi zao ni mabaki ya mashamba na vinu, na maji yao ni ya baridi. Ushahidi wa hoja hii unatoka mbali na mashamba ya chai ya Imenti ya Kati. Sehemu yake inatoka kwa kaa wa mikoko, na sehemu nyingine kwa tilapia wa Ziwa George nchini Uganda.

Githongo tangu hapo ni nchi ya chai, kahawa, ndizi na ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini. Samaki walikuja kwa wingi katika miinuko ya Meru baada ya mwaka wa fedha wa 2009/2010, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi uliokusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, kila bwawa likiwa na ukubwa wa mita za mraba 300. Meru ilijengewa pia kiwanda kidogo cha kusindika samaki huko Kanyakine, Imenti Kusini, kimoja kati ya vinne vya mpango huo nchini. Samaki wa kufugwa Kenya walipanda kutoka chini ya tani 5,000 mwaka 2009 hadi takriban tani 24,000 mwaka 2014, kisha wakaanza kushuka. Sababu za kushuka ni nyingi: vifaranga dhaifu, mabwawa yaliyochimbwa pasipo maji ya kudumu, soko lililokuwa mbali. Lakini chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji wa samaki, na msaada ulipokwisha, mzigo huo ulimwangukia mfugaji mwenyewe. Aliyekuwa na ng'ombe wawili na robo ekari ya chai akajikuta anafanya kazi ya mtaalamu wa lishe, tena akiwa na namba moja tu mkononi.

Namba hiyo ina historia yake. Mwaka 1883 mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, alibuni njia ya kupima nitrojeni katika nafaka. Protini kwa wastani ina nitrojeni asilimia 16, kwa hiyo wataalamu wakachukua nitrojeni iliyopimwa, wakaizidisha kwa 6.25, wakaita jibu protini ghafi. Mpaka leo mashudu ya pamba au omena ikipelekwa maabara, aghalabu ndicho kinachofanyika. Tuone basi kile ambacho kipimo hiki hakioni. Hakipimi protini, hupima nitrojeni. Mbolea ya urea ikitiwa ndani ya chakula, namba hupanda, ilhali samaki hana chochote cha kujengea mwili kutokana na urea. Udanganyifu wa namna hiyo uliwahi kuitikisa dunia nzima mwaka 2008, ilipogunduliwa kwamba maziwa ya watoto nchini China yalitiwa melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, ili yaonekane yana protini. Watoto wapatao 300,000 waliathirika. Hata pasipo udanganyifu, kipimo hiki kinaiweka protini ya yai na protini ya kwato katika safu moja.

Mfano ulio wazi zaidi ni manyoya ya kuku. Unga wa manyoya una protini ghafi inayopita asilimia 80, zaidi ya omena yoyote iliyowahi kuuzwa sokoni. Lakini protini hiyo ni keratini, ile ile ya kucha na nywele, ambayo imefungamana kiasi kwamba vimeng'enya vya tumbo haviwezi kuifungua. Manyoya mabichi yaliyosagwa huingia na kutoka karibu yalivyo. Yakipikwa kwa mvuke wenye shinikizo, fungamano hizo hukatika na sehemu kubwa ya protini humeng'enywa. Magunia mawili, protini moja, na mlo mmoja tu. Damu ya machinjioni nayo iko hivyo: ikikaushwa kwa uangalifu ni chakula kizuri, ikiunguzwa kwenye sufuria mpaka iwe nyeusi hubaki na namba yake ya protini ilhali uwezo wake wa kumeng'enywa umeungua. Soya ina tabu ya kinyume, kwani ikiwa mbichi ina vizuizi vinavyozima vimeng'enya vya utumbo, na moto wa kadiri ndio unaoviharibu. Maganda ya kahawa, ambayo viwanda vya kahawa vya Meru huyarundika kila msimu na ambayo wengi wametamani kuyageuza chakula, yana tanini zinazoshikamana na protini na kuizuia isivunjwe, mbali na nyuzinyuzi na kafeini zake. Omena nayo, inayoanikwa mchangani kando ya Ziwa Victoria, mara nyingi hufika sokoni na mchanga, na mchanga haumeng'enywi na kiumbe yeyote.

Kuna hili pia la ganda. Ochonga, yaani kamba wadogo wa Ziwa Victoria wanaotiwa katika vyakula vya samaki, pamoja na mabuu ya nzi chuma ambayo siku hizi yanafugwa sehemu nyingi za Kenya, wana ganda la kitini. Kitini ni kabohaidreti, lakini ina nitrojeni ndani yake, kwa hiyo kipimo cha Kjeldahl huihesabu kama protini. Mwaka 2017, mwaka ule ule Kenya ilipotoa kiwango rasmi cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya vyakula vya mifugo, watafiti wa Uholanzi walipendekeza kwamba nitrojeni ya mabuu hayo mazima izidishwe kwa 4.76 badala ya 6.25. Maana yake ni kwamba mabuu yanayouzwa kwa jina la protini asilimia 40 yana protini halisi ipatayo asilimia 30. Silisemi hili kwa kuyapinga mabuu, ambayo ni malighafi yenye matumaini makubwa kwa mikoa iliyo mbali na ziwa na bahari. Nalisema kwa sababu mfugaji analipa arobaini na kupata thelathini, na hapo bado hatujaanza kuuliza katika hizo thelathini ngapi zitabaki mwilini.

Kuuliza hivyo kunawezekana, tena kwa njia ambayo si ya ajabu. Mtafiti huchukua chakula cha msingi kinachojulikana, kwa kawaida sehemu 70 kwa mia, akakichanganya na sehemu 30 za malighafi anayotaka kuipima. Ndani yake anatia kiasi kidogo cha alama, yaani kitu kisichomeng'enywa kama vile oksidi ya kromiamu, kisha anakusanya kinyesi cha samaki kwa siku kadhaa. Alama haiwezi kuvuka utumbo, kwa hiyo kadiri chakula kinavyofyonzwa ndivyo alama inavyozidi kujikusanya katika mabaki. Tuseme alama ilikuwa asilimia 1 ya chakula na sasa ni asilimia 4 ya kinyesi. Basi robo tu ya chakula ndiyo iliyotoka, na robo tatu zimebaki mwilini. Ikiwa chakula kilikuwa na protini asilimia 30 na kinyesi kina asilimia 12, protini iliyotoka ni sehemu ya kumi ya iliyoingia, na mmeng'enyo wa protini ni asilimia 90. Ugumu uko katika ukusanyaji, kwa sababu kinyesi kikikaa majini huyeyuka, kilichoyeyuka huhesabiwa kana kwamba kilimeng'enywa, na malighafi ikapata sifa isiyoistahili. Ndiyo maana namba hizi husomwa kwa tahadhari. Lakini namba yenye tahadhari ni bora kuliko kutokuwa na namba.

Sasa tushuke pwani. Kaa wa mikoko, Scylla serrata, hunenepeshwa katika vizimba na nyua ndogo ndani ya mikoko ya Mtwapa na Mida, na tafiti za kazi hiyo nchini zimekuwa zikichapishwa tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Chakula chake kwa sehemu kubwa ni samaki wadogo wasio na soko, matumbo ya samaki na konokono wa mikokoni. Mantiki ya chakula hicho ni rahisi: kaa porini hula chaza, konokono na kaa wenzake, kwa hiyo ni mla nyama, na mla nyama apewe nyama. Mantiki hii ilipopelekwa matangini kupimwa, ilitetereka. Mwaka 2003 Catacutan, Eusebio na Teshima walichapisha majaribio waliyoyafanya katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha SEAFDEC nchini Ufilipino, wakilinganisha jinsi kaa huyu anavyomeng'enya malighafi za wanyama na za mimea. Soya, ambayo kaa hajapata kuiona mikokoni, protini yake ilimeng'enywa kwa kiwango cha juu, ikikaribiana na ile ya viumbe wa baharini. Tafiti nyingine zilizofanywa Australia na kuchapishwa kati ya 2004 na 2008 ziliendeleza picha hiyo, na zikaonyesha kwamba tezi ya mmeng'enyo ya kaa ina vimeng'enya vya kuvunja wanga, na hata selulosi. Mnyama aliyehukumiwa kwa makucha yake kumbe ana tumbo pana kuliko sifa yake.

Sababu ziko katika maumbile yake. Kaa hana tumbo la asidi kama la tilapia. Badala yake ana kinu ndani ya tumbo, meno magumu yanayosaga chakula mara ya pili baada ya kupasuliwa kwa makucha na taya, na kilichosagwa huchujwa kabla ya kuingia katika tezi inayotoa vimeng'enya na kufyonza virutubisho papo hapo. Kusaga huko kunazifungua chembe za mimea ambazo mla nyama mwingine angezipitisha nzima. Lakini maumbile hayo hayo yana gharama yake. Kaa hula taratibu, akikishika chakula na kukirarua, na vipande vinamwagika kila upande. Tembe inayofumuka majini baada ya dakika kumi inaweza kuwa imejaa soya bora kabisa, na bado isimfikie. Kwa kaa, basi, malighafi inayomeng'enywa vizuri haina faida kama haikushikamanishwa vizuri, na hapa ndipo kipande cha samaki mbichi kinapoishinda tembe mbovu: ukakamavu wake majini hauna mpinzani. Nafikiri hilo limechangia pakubwa kuiweka pwani katika mazoea ya kulisha samaki wadogo, hata baada ya maabara kuonyesha njia nyingine. Samaki hao wadogo nao ni kitoweo cha watu, kama omena ilivyo kitoweo bara.

Kaa wanatufundisha kwamba dhana ya mla nyama na mla majani haitoshi kuchagulia chakula. Tilapia wanafundisha jambo la ziada, nalo liligunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti D. J. W. Moriarty alichunguza tilapia wa Ziwa George, Uganda, ambao walikuwa wakinenepa kwa mwani wa kijani-buluu, chakula kilichodhaniwa hakimeng'enywi na samaki. Aligundua kwamba tumbo la tilapia hutoa asidi kali isiyo ya kawaida, pH yake ikishuka mpaka karibu na 1.4, na asidi hiyo ndiyo inayopasua kuta za mwani. Aligundua pia kwamba asidi hiyo ina saa zake. Samaki anapoanza kula asubuhi tumbo halijawa kali bado, na mwani wa mwanzo hupita utumboni ukiwa kijani, hai, haujaguswa. Saa zinavyosonga asidi hupanda, na mwani unaoingia baadaye hubadilika kuwa kahawia na kumeng'enywa. Kwa siku nzima, wastani wa kaboni iliyobaki mwilini ulikuwa kama asilimia 43 ya iliyoliwa. Samaki yule yule, mwani ule ule, ziwa lile lile, na bado jibu linategemea saa. Mmeng'enyo, kwa hiyo, si sifa ya malighafi peke yake, kama uzito au rangi. Ni mapatano baina ya malighafi, mnyama na hali ya maji.

Hali ya maji ndiyo inayoitenga Githongo na Kisumu. Tilapia hukua vyema maji yakiwa na joto la nyuzi 27 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hamu yake ya kula hupungua sana, na kwenye nyuzi 16 au chini ya hapo karibu huacha kula. Katika miinuko ya mashariki ya Mlima Kenya, asubuhi za Juni na Julai zenye ukungu haziko upande wa samaki huyu. Baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya na huchelewesha tumbo kujimwaga. Mfugaji anayefuata jedwali la ulishaji lililotungwa kwa maji ya joto atatupa bwawani kilo zilezile alfajiri ya baridi, na sehemu kubwa itazama kabla haijaliwa. Hapa ushauri hauhitaji maabara: alishe kidogo zaidi miezi ya baridi, aanze jua likiwa limepanda, na chakula kizuri zaidi akiweke kwa saa za mchana. Wapo watakaosema kwamba jibu ni kufuga trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa kwenye mito ya Mlima Kenya enzi za ukoloni. Trauti anaweza kuwa jibu kwa mwenye maji mengi yanayotiririka mchana na usiku, lakini tumbo lake ni la mla nyama kwelikweli, wanga mbichi humshinda, na pumba ambazo tilapia angezitumia kwake zinakuwa takataka. Kumhama tilapia kwa sababu ya baridi ni kuhamia chakula cha bei ya juu zaidi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la bei. Mfugaji mdogo, itasemwa, hanunui kinachomeng'enywa vizuri, ananunua anachokiweza. Naliheshimu pingamizi hili, lakini hesabu yake ina kasoro. Tuchukue mfano wa kubuni. Malighafi ya kwanza ina protini asilimia 50, inauzwa shilingi 60 kwa kilo, na mmeng'enyo wa protini yake ni asilimia 60. Ya pili ina protini asilimia 40, inauzwa shilingi 66, na mmeng'enyo wake ni asilimia 90. Kwa namba ya gunia, ya kwanza inashinda waziwazi: kilo moja ya protini ni shilingi 120 dhidi ya 165. Kwa kinachobaki mwilini, ya kwanza inatoa gramu 300 za protini kwa kilo na ya pili gramu 360, kwa hiyo kilo moja ya protini iliyomeng'enywa inagharimu shilingi 200 upande mmoja na kama 183 upande wa pili. Rahisi imekuwa ghali. Tena gramu 200 za protini ya ile ya kwanza zimeachwa majini kwa kila kilo, dhidi ya gramu 40. Mwenye fedha chache ndiye asiyemudu kununua kinyesi kwa bei ya chakula.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na wanaolitoa wanalijua bwawa. Wanasema: katika bwawa la udongo hakuna kinachopotea. Pumba ambazo tilapia hakumeng'enya huoza, zikarutubisha maji, zikaotesha mwani, na mwani huo huliwa na tilapia yule yule. Ni kweli, na ndiyo sababu pumba tupu zimefuga samaki wengi Kenya kwa miaka mingi. Lakini tuulize mbolea hiyo inanunuliwa kwa bei gani. Githongo ina samadi ya ng'ombe karibu kila boma, na samadi hurutubisha maji bila kupitia agroveti. Kulipia pumba au mashudu kwa bei ya chakula ili yafanye kazi ya samadi ni hasara hata kama mwani utaota. Zaidi ya hayo, uozaji unatumia oksijeni ile ile anayoihitaji samaki, na katika siku za mawingu mwani hautengenezi ya kutosha kufidia. Kuna na fosforasi. Sehemu kubwa ya fosforasi ya pumba na mashudu, kama theluthi mbili, imefungwa katika fitati ambayo samaki hawezi kuifungua bila kimeng'enya cha nyongeza, kwa hiyo hutoka nje. Maji ya mabwawa ya Githongo yakifunguliwa huelekea mito inayoingia Tana, nayo Tana humwaga maji yake baharini upande wa Kipini, kwenye delta yenye mikoko. Mabaki yasiyomeng'enywa mlimani yana safari ndefu.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wataalamu wenyewe, nalo nalikubali kwa nusu. Kumeng'enywa si kukua. Mashudu ya pamba protini yake humeng'enywa vizuri na tilapia, lakini yana gosipoli, sumu inayodhuru samaki ikizidi. Damu iliyokaushwa vyema hufyonzwa karibu yote, lakini ina upungufu mkubwa wa isoleusini, na protini iliyopungukiwa na tofali moja haijengi ukuta. Majani ya muhogo yana sianidi. Kwa hiyo anayechagua malighafi kwa kiwango cha mmeng'enyo peke yake anaweza kukosea kama anayechagua kwa protini ghafi peke yake. Hata hivyo kuna utaratibu katika maswali haya. Amino asidi isiyovuka utumbo haina faida hata iwe kamili namna gani, na uwiano wake hauna maana kupimwa kwenye gunia wakati unaohesabika ni ule uliofika kwenye damu. Mmeng'enyo ndio mlango, na maswali mengine yako nyuma yake. Nchi yetu imeruka mlango na kuanza kupanga viti.

Litabaki la mwisho: nani atapima? Mfugaji wa robo ekari hana maabara, na namba za Ufilipino au Uholanzi si za pumba za Mwea. Hili la pili ni kweli kuliko linavyodhaniwa. Mashudu ya alizeti ya vinu vidogo vya Kenya mara nyingi yana maganda mengi, na nyuzinyuzi zake hazifanani na zile za mashudu yaliyopimwa ughaibuni. Pumba za mchele hutofautiana kinu kwa kinu kulingana na kapi zilizochanganyika. Ila uwezo wa kupima tunao. Kituo cha Sagana katika Kaunti ya Kirinyaga kimekuwepo tangu 1948, sasa kiko chini ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, na mwaka 2006 Jonathan Munguti, David Liti na wenzao walichapisha orodha ya viinilishe vya malighafi za chakula cha tilapia zinazopatikana Kenya. Orodha hiyo ni kazi ya thamani, lakini ni orodha ya kilichomo. Inahitaji safu moja zaidi, ya kinachobaki, iliyopimwa kwa maji ya nyuzi 20 na kwa maji ya nyuzi 27, ili mfugaji wa Githongo na yule wa Kisumu kila mmoja ajisomee lake.

Mpaka safu hiyo ipatikane, mfugaji ana mizani. Aandike kilo za chakula zilizoingia bwawani na kilo za samaki zilizotoka, kwa kila aina ya chakula na kwa kila msimu, kwa sababu uwiano huo unabeba ndani yake mmeng'enyo wote, mzuri na mbaya, pamoja na kilichomwagika. Ajiulize pia malighafi imepita moto gani, ina mchanga kiasi gani ikioshwa kwenye kikombe cha maji, ina maganda mangapi ikipepetwa. Hayo yako ndani ya uwezo wake leo. Yaliyo nje ya uwezo wake ni ya taasisi za umma, na ni haki yake kuyadai: Shirika la Viwango liwatake watengenezaji wa chakula cha samaki waandike protini inayomeng'enywa kando ya protini ghafi, Kaunti ya Meru itenge fedha za majaribio kwa ajili ya malighafi za miinuko, na Sagana ichapishe majibu kwa Kiswahili na Kimeru. Kazi yenyewe inahitaji matangi, oksidi ya kromiamu, kipimajoto na watu wenye subira ya kukusanya kinyesi. Waanze na pumba za mchele za Mwea na mashudu ya alizeti, kwa kuwa ndizo malighafi ambazo mfugaji wa Githongo atakuwa akizipakua wiki ijayo.